Mwanangu Kachaguliwa Timu ya Skuli, na Chuo Je?



 

Ndugu zangu, wiki hii mama mmoja wa huku kwetu Ng'ambo kaniletea ujumbe wa sauti. Nimemuomba ruhusa nijibu hapa, kwa sababu suala lake si la nyumba moja. Anasema hivi: "Sheikh, binti yangu yupo darasa la tano. Kachaguliwa timu ya mpira wa pete ya skuli kwa michezo ya Elimu Bila Malipo. Mazoezi ni baada ya Alasiri, na Alasiri ndio wakati wa chuo. Ustadhi wake kasema akikosa siku tatu asirudi. Baba yake anataka nimtoe timu. Mtoto halali, analia tu. Nifanye nini?"

Najua wapo mtakaojibu haraka: dini kwanza, mtoe. Na wapo watakaosema: mwache acheze, chuo kipo siku zote. Nakuomba ndugu yangu usikimbilie jawabu. Nipe dakika zako chache, kisha uhukumu mwenyewe.

KWANZA, tuijue hiyo michezo inatokana na nini.

Tarehe 23 Septemba, mwaka 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu Zanzibar ni bila malipo. Kijana wa leo anaisikia tarehe hiyo kama siku ya mapumziko na vikombe. Muulize bibi yako. Skuli ya kwanza ya serikali ilifunguliwa mwaka 1905, na ilikuwa upande wa Mji Mkongwe. Sisi tulikuwa ng'ambo ya pwani, upande wa pili wa daraja, na ndiyo maana mpaka leo tunapaita Darajani na Ng'ambo ingawa maji yameshafukiwa. Wabebaji wa mizigo, wachukuzi, mafundi, wauza samaki, watu wa vibanda vya udongo na makuti, ndio waliokuwa wakikaa huku. Ada ilikuwepo, nafasi zilikuwa chache, na skuli nyingi zilikwenda kwa jamii: hii ya hawa, ile ya wale. Watoto wengi wa mitaa yetu, kuanzia Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga mpaka Jang'ombe, waliishia kuitazama skuli kwa nje.

Basi kila mwaka ikifika Septemba, watoto wa skuli za Unguja na Pemba wanakimbia, wanacheza mpira, mpira wa pete na michezo mingine, wanashindana, kisha wanafikia kilele cha siku hiyo. Ile ni namna ya watoto kushukuru kwamba mlango umefunguliwa. Ukiona binti kachaguliwa kusimama kwa niaba ya skuli yake, ujue mwalimu kaona kitu kwake: anahudhuria, anasikia maelekezo, hagombani na wenziwe. Usikidharau.

PILI, je, mchezo wenyewe una ubaya?

Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Aliwaruhusu Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na akamsitiri Bibi Aisha naye atazame mpaka aliposhiba. Aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale akawatia moyo. Na sahaba Handhala alipolalamika kwamba akiwa mbele ya Mtume moyo huwa juu, akirudi kwa watoto na shughuli zake hubadilika, alifundishwa kwamba mambo ni saa na saa. Dini hii haikuja kumuondolea mtoto utoto wake.

Masharti yapo: mavazi ya sitara, sala isipotee, pasiwe na matusi wala kamari, pasiwe na mchanganyiko wa fitina. Nimeziona timu za skuli zetu. Wasichana wanavaa suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio, wanacheza vizuri kabisa. Asiyetaka kuona hilo anatafuta sababu nyengine.

TATU, na hapa ndipo nilipotaka ufike. Tuangalie kisa cha Nabii Yusuf (a.s.).

Sote tunakijua kisa hiki, lakini mwanzo wake tunaupita mbio. Ndugu zake Yusuf walipokwenda kwa baba yao, walimuombea ruhusa ya nini? Mchezo. Walitaka kesho watoke naye, afurahi na acheze. Sasa angalia jawabu la Nabii Yaaqub (a.s.), mtume na baba. Hakuwaambia mchezo ni haramu. Hakuwaambia mwanangu ana masomo. Alisema anaogopa asije mbwa mwitu akamla nao wameghafilika naye.

Rudia hapo polepole. Hofu ya baba haikuwa kwenye mchezo. Hofu ilikuwa kwenye kughafilika. Na kilichompata Yusuf hakikutoka kwa mbwa mwitu. Kilitoka kwa wale waliosema: sisi tutamlinda.

Basi suala la mama yetu lina suala jengine ndani yake, nalo ni zito kuliko timu na chuo: mtoto huyu, kutoka saa ya skuli mpaka Magharibi, yuko chini ya jicho la nani?

Hebu tuihesabu siku ya mtoto wa Ng'ambo. Skuli zetu nyingi zimekuwa na mikondo miwili kwa sababu watoto ni wengi na vyumba ni vichache. Wa asubuhi anatoka mchana. Anakuta nyumba haina mtu: baba yuko Darajani au Malindi, mama kauza mandazi asubuhi, sasa yuko sokoni. Anakula alichowekewa chini ya kawa. Anakwenda tuisheni. Anakwenda chuo. Anapita njia za uchochoro. Anatumwa dukani. Anapandishwa pikipiki na "anko" ambaye hakuna anayejua ni anko wa upande gani. Mwalimu wa skuli anadhani mtoto yuko chuo. Ustadhi anadhani yuko skuli. Mama anadhani yuko kwa mmoja wao. Kila mmoja ana hakika, na mtoto hayupo kwa yeyote.

Kila siku tunasikia habari za udhalilishaji wa watoto katika visiwa hivi. Tunatikisa kichwa, tunasema zama zimeharibika, tunaendelea na kahawa yetu barazani. Mbwa mwitu wa leo haji na manyoya. Anajua saa ambayo wewe umeghafilika.

Kwa hivyo mimi nikisikia kuna mwalimu anayewakusanya watoto baada ya Alasiri, kiwanja kiko wazi, watu wanapita, majina yanaitwa, moyo wangu unatulia kidogo. Hali kadhalika nikisikia kuna ustadhi anayejua nani hakuja leo na anayetuma mtu kuuliza. Hawa wawili si mahasimu. Wote ni walinzi. Tabu ni kwamba hawajuani.

NNE, skuli na chuo havikuzaliwa maadui.

Skuli za serikali zilipoanza, wazee wetu wengi walisita kupeleka watoto. Walichelea watoto watatolewa katika dini yao. Hawakuwa wajinga, walikuwa wakilinda amana. Wasiwasi ulianza kupungua pale Qur'ani na mwalimu wake vilipoingia ndani ya skuli yenyewe. Tangu hapo mtoto wa Zanzibar amekulia kwa walimu wawili. Ana ubao wa skuli na ana juzuu ya chuo. Maulidi ya skuli, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, usafi wa Ijumaa, vyote hivyo ni ushahidi kwamba nyumba hizi mbili zina ukuta mmoja.

Mimi mwenyewe nimesoma katika skuli ya huku huku. Tukienda na mafagio ya chelewa kutoka nyumbani, tunafagia uwanja kabla ya kengele, tunapanga foleni, tunakaguliwa kucha. Nikiwa darasa la sita nikachaguliwa katika halaiki ya sherehe za Mapinduzi, kule uwanja wa Amaan. Mazoezi ya miezi, jua la utosi, watoto wa skuli tele ambao hatukuwa tukijuana. Kila mmoja ana sehemu yake ya kusimama, na ukikosea wewe, picha nzima inaharibika. Mwalimu wangu wa chuo, Allah amrehemu, hakunitoa. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa halaiki, wakazungumza chini ya mwembe. Kuanzia siku ile nikawa nasoma chuo baada ya Alfajiri. Niliamka kwa tabu, lakini juzuu haikusimama hata siku moja.

Nilichojifunza kwenye ile halaiki nakitumia mpaka leo ninaponyoosha safu msikitini. Kusimama pako, kumuangalia wa pembeni yako, kutojiona wewe ndiye picha.

TANO, jawabu la mama yetu.

Sikumwambia amtoe mtoto timu, wala sikumwambia amwachishe chuo. Nilimwambia aandamane na baba wa mtoto waende skuli siku ya mazoezi, waonane na mwalimu wa michezo, wamuulize mambo manne: mazoezi yanaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, nani yupo na watoto muda wote, wanasali wapi, na wakenda kucheza skuli nyengine wanasafiri na nani. Kisha wakitoka hapo, wasipitie nyumbani. Waende moja kwa moja kwa ustadhi, wamueleze kwa adabu, wamuombe wakati mwengine wa somo kwa wiki hizi chache: baada ya Alfajiri, au baina ya Magharibi na Isha.

Baba alikuwa mzito. Kasema yeye hajapata kuingia skuli ile tangu alipomuandikisha mtoto. Miaka mitano! Nikamwambia basi hiyo ndiyo nafasi yako. Walikwenda. Ustadhi, ambaye tulidhani ni mkali, alisema maneno ambayo yamenikaa: "Mimi nilisema siku tatu kwa sababu wapo watoto wanaoniambia wako mazoezini, kumbe hawako. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kunieleza." Unaona? Ukali wake ulikuwa ni ulinzi uliokosa mtu wa kusaidiana naye. Sasa binti anasoma baada ya Magharibi, na mwalimu wa michezo anayo namba ya ustadhi.

Ndugu msomaji, nakuachia mambo haya uyafanye, si ya kuyapenda na kupita:

1. Kikao cha wazazi kikiitishwa, nenda. Usimtume dada wa kazi wala kaka mdogo. Kamati ya skuli si ya wenye suti, ni ya wewe mwenye mtoto.

2. Mjue kwa jina mwalimu wa darasa wa mwanao, na ustadhi wake. Uwajulishe wao kwa wao.

3. Ijue njia ya mwanao. Itembee kwa miguu siku moja, kwa saa ile ile anayopita yeye.

4. Mtoto akikwambia hataki kwenda mahala fulani, au kwa mtu fulani, usimpige wala usimwambie mvivu. Kaa naye chini, msikilize. Na likitokea la kutokea, usilimalize kwa suluhu ya kifamilia. Nenda kwa sheha, nenda polisi, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali. Kumfichia mwenye kudhulumu mtoto si stara.

5. Enyi maimamu na walimu wa vyuo, pigeni hodi skuli ya mtaani kwenu. Walimu wakuu, pigeni hodi chuoni. Ratiba mbili zikiwekwa mezani pamoja, mizozo mingi inakwisha kabla ya kikombe cha chai.

Kumbuka pia ukuta wa mayatima katika Suratul Kahf. Mja mwema, akiwa pamoja na Nabii Musa (a.s.), aliusimamisha bila ujira, katika mji uliowanyima hata chakula, kwa sababu chini yake palikuwa na hazina ya watoto wawili. Visiwani kwetu tunalijua jambo hili. Skuli ngapi zilianza kwa wananchi kubeba mawe na mchanga, wakapandisha kuta, kisha serikali ikaja kuezeka? Waliojenga wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Majina yao hayakuandikwa popote, na hazina ya watoto wetu ipo chini ya kuta zao. Sisi tumeambiwa tuzilinde tu, nalo linatushinda?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Skuli mkono, chuo mkono, nyumba mkono, na mtaa mkono. Ukiona mtoto wa jirani anapita njia isiyo yake saa isiyo yake, muulize. Mzazi wake akikasirika leo, kesho atakushukuru.

Allah atuhifadhie watoto wetu wa Ng'ambo, wa mjini na wa shamba, Unguja na Pemba. Awape walimu wao subira na riziki ya halali. Awarehemu waliotujengea. Na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoghafilika na amana walizokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwengine.