Siafu Alivyonitoa Woga wa Kiingereza

Darasa la saba nilimalizia hapa hapa kijijini Kate, na Kiingereza nilichotoka nacho kilikuwa salamu na kuhesabu. Baada ya hapo jembe. Karatasi yoyote ya Kiingereza, ya zahanati au ya mbolea, nilimpa mtu anisomee, mara nyingi kijana ninayeweza kumzaa, nami nikakaa pembeni kungoja kuambiwa.

Binti yangu akaingia kidato cha kwanza, masomo yakageuka Kiingereza kama ilivyo sekondari nchi nzima. Jioni moja alikuwa anakariri baiolojia kwa sauti: ant, mchwa, bee, nyuki. Nikamuuliza, huyo wa kwanza yukoje? Akasoma: kiuno chembamba, jamaa ya nyuki na nyigu. Nikasema huyo si mchwa. Mchwa hana kiuno, mwili ni mmoja tu, laini, mweupe. Nimebomoa vichuguu vingi kutafuta udongo wa matofali, na mvua za kwanza zikishanyesha nakaa na ndoo kuwapokea kumbikumbi, ambao ni mchwa hao hao wenye mbawa. Mwenye kiuno ni siafu, ni sisimizi, ni chungu.

Binti alinikatalia. Wa la saba amsahihishe wa sekondari? Tukabishana hadi siku ya kikao cha wazazi, tukampelekea mwalimu.

"Mama yuko sahihi," mwalimu alisema. Akaeleza kwamba Waingereza wenyewe walizoea kumwita mchwa "siafu mweupe", kumbe ukoo wake ni wa mende. Kisha akafungua kamusi kwenye simu. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita huyo ant walimwita æmette. Neno hilo likagawanyika: huku likawa emmet, ambalo bado lipo katika lahaja za Uingereza, huku likafupishwa kuwa ant. Shina lake wanaisimu wanalirudisha kwenye kukata: ni mdudu mkataji. Tena walikuwa na jina jingine la zamani, pismire, lenye mkojo ndani yake, kwa sababu ya harufu ya kichuguu chake. Hapo wazazi wa mstari wa mbele waliangua kicheko.

Mimi nilibaki na huyo mkataji. Siafu wakishavamia banda usiku, vifaranga huwakuti wazima. Mmoja akikushika kisigino, ukimvuta kiwiliwili ndicho kinachokuja; kichwa kinabaki kimeng'ata ngozi. Aliyempa jina lile alikuwa mtu wa shamba, na bila shaka aling'atwa. Nami miaka yote nilidhani Kiingereza kimetungwa na watu wa ofisini!

Tangu hapo madaftari ya binti tunasoma wote. Yeye ananipa neno, mimi namwambia mdudu au jani lenyewe linapatikana wapi, na mara nyingine tunatoka kwenda kuliangalia. Matamshi yangu anayacheka sana, na ana haki.

Msimu uliopita mchwa waliniingilia mahindi. Kwenye duka la pembejeo muuzaji akanipa pakiti ya dawa, akisema inaua wadudu wote hao. Niligeuza nyuma nikasoma polepole, kidole juu ya maandishi. Iliandikwa ants. Nikamrudishia, nikamwomba iliyoandikwa termites.