Bangi na Usahaulifu wa Wazee

Hapa kwetu Kapolowe baba yangu mdogo alikuwa mvuvi hodari. Siku hizi anasahau. Juzi alitoka alfajiri kutafuta mtumbwi aliouuza zamani. Tukamkuta jioni njia ya Likasi, miguu imevimba. Majirani wengine wakaanza kunong'ona habari za uchawi.

Jamaa yetu mmoja, mtu wa Kasai, akaniletea kifurushi cha majani makavu. Akasema: "Mchemshie mzee bangi. Wataalamu wameona inaponya ugonjwa huu. Na wazee wetu wa zamani, je, hawakuitwa Bena Riamba, wana wa bangi?" Nikakipokea. Nani asiyetamani mzee wake amtambue tena?

Lakini kwanza niliuliza na kusoma. Kumbe hakusema uongo mtupu. Mwaka 2016 wataalamu wa Salk Institute, Marekani, walitia THC, ndicho kilevi cha bangi, katika chembe za neva zilizokuzwa maabarani; ikaondoa amiloidi, yaani protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2017, Bonn, Ujerumani, panya wazee waliopewa THC kidogo kidogo walijifunza kama panya vijana.

Lakini panya si baba yangu. Uholanzi, mwaka 2015, wagonjwa wa usahaulifu walipewa vidonge vya THC muda wa wiki tatu. Mahangaiko yao hayakupungua kuliko ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mpaka leo haijathibitishwa kwamba bangi huzuia wala kuponya ugonjwa huu. Tena majani ya kifurushi hayana kipimo: mzee huweza kupata kizunguzungu akaanguka, na akili yake ikazidi kuvurugika.

Basi nikarudisha kifurushi kwa heshima. Tulimpeleka mzee kwa daktari, kwa maana usahaulifu mwingine hutoka katika magonjwa yanayotibika. Nikawaita majirani, nikawaeleza: huu ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi. Sasa wajukuu humsindikiza kila asubuhi mpaka majini, wakarudi naye.

Msomaji, ukiwa na mzee wa namna hii, usimwite mchawi, wala usimfanye panya wa majaribio. Baba mdogo huniita kwa jina la marehemu baba yangu. Zamani nilimsahihisha. Sasa naitika.