Nani Anatengeneza Nyumba ya Kuiacha?

Kiangazi kinakwisha, mawingu yameanza kukusanyika, na kila unakopita unasikia watu wanagonga miti na kukanda udongo. Ndiyo maana nimeona niwasimulie yaliyonipata, hata kama yananitia aibu kidogo.

Mimi si fundi wa kusomea. Nyumba yangu ya kwanza ya ukimbizini niliijenga Lugufu. Kambi ile ilipofungwa 2009 tukaletwa hapa Nyarugusu, nikaanza upya: matofali mabichi, paa la nyasi, shitingi chini ya nyasi. Kwa hiyo kazi naijua. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita nafyatua matofali machache ya kuzibia, nakata nyasi kabla moto haujazila, na Oktoba inaponikuta nimeshasiriba ukuta na kuzibua mfereji.

Sasa mwaka 2024 sikufanya hata kimoja. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilikuwa imefika mbali. Usaili tulishamaliza, vipimo vya hospitali tulishamaliza, tunangoja tarehe ya ndege tu. Mwezi wa nane nikauza mlango wetu wa mbao kwa shilingi elfu ishirini, pale mlangoni nikatundika kipande cha shitingi. Mwezi wa tisa mama watoto akaniambia, "Baba, ukuta wa chumba cha watoto umeliwa chini. Tuukandike." Nikamjibu, "Nani anatengeneza nyumba ya kuiacha?" Akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikuja kukuelewa baadaye.

Hapa niseme kidogo habari ya kuuziana nyumba. Ardhi si yetu, ni ya Tanzania, sisi tumepewa kukaa. Tunachouziana ni jasho letu: mlango, dirisha, miti ya paa. Na jasho hilo lina msimu kama mahindi. Wakati wa jua unaweza kuzunguka na mlango siku nzima usipate mtu, maana hata pazia linatosha. Ipige mvua ya kwanza, watu wanaugombania. Nyumba nayo ni vilevile. Kiangazi kila nyumba ni nzuri, kwa sababu haijajaribiwa. Mwenye akili anakwenda kuitazama siku inanyesha, anaingia ndani, anaangalia juu, halafu anaangalia chini ya ukuta.

Basi, Desemba tukapewa tarehe ya ndege: mwezi wa pili. Tukagawa sufuria, tukagawa magodoro. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari zikafutwa, na yetu ikiwemo. Sitaki kueleza nyumbani kulikuwaje siku ile. Wengi wenu mnajua.

Mvua haikungoja tumalize huzuni. Usiku mmoja wa Machi paa likavuja juu ya kitanda cha wale wadogo wawili, mama yao akawachukua kuwaleta kwetu. Haikupita saa moja tukasikia kishindo. Ukuta ule ulioliwa chini ulikuwa umelala juu ya kitanda chao. Nilisimama pale na tochi, nikaona mto wa mtoto uko chini ya matofali. Mama watoto hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu.

Asubuhi nikaenda kwa yule mama aliyenunua mlango wangu, nikamwomba aniuzie tena. Ni mjane, ana watoto wanne. Akaniambia kwa upole, "Kaka, mlango huu ndio unaofunga watoto wangu usiku. Nikikupa, mimi nifunge na nini?" Sikuwa na jibu. Nikanunua mwingine, mbovu kuliko wangu, kwa elfu arobaini.

Jumapili ile mdogo wangu alinipigia simu. Yuko Iowa tangu 2016, anapanga nyumba. Nikamweleza. Akacheka kidogo, halafu akasema, "Kaka, hata huku tunaweka shitingi." Kumbe kila Oktoba anabandika plastiki madirishani baridi isipenye, na usiku wa baridi kali anaacha bomba linadondosha maji kidogo, maana maji yakiganda yanavimba na kupasua bomba. Hata kodi za nyumba huko zina msimu, anasema: wakati wa theluji wanaohama ni wachache, kwa hiyo mpangaji anapata nafasi ya kuelewana bei. Mwishoni akaniambia neno moja: "Nyumba hii si yangu, lakini wanaolala ndani ni wangu."

Neno hilo lilinikaa. Kiangazi cha 2025 nikaanza kazi mapema pamoja na vijana wangu. Tuliweka msingi wa mawe mpaka usawa wa goti, kwa sababu ukuta wa udongo hufa kuanzia chini, maji ya paa yanaporukia. Matofali tuliyaacha yakauke vizuri, tukiyageuza. Upenu tuliurefusha. Mfereji tuliuzungusha nyumba nzima. Na lile shimo tulilochimba udongo tulilifukia, maana likijaa maji ni mbu, na mtoto anaweza kutumbukia. Ukuta ameusiriba mama watoto mwenyewe. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa tukiitwa kesho je?" Nikamwambia, "Tutaondoka tukiwa wazima."

Ndugu zangu, najua wengi mnaona kama mimi nilivyoona: ukitia mkono kwenye udongo, ni kama umekubali kwamba huondoki tena. Wengine mnangoja nchi ya tatu, wengine mnangoja nyumbani kutulie. Si vibaya kungoja. Kesi yetu ipo palepale na bado naiuliza. Lakini nimejifunza kwamba kusubiri ni kazi ya moyo, na kusiriba ni kazi ya mikono. Moja haizuii nyingine.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujalala, chukua tochi uangalie chini ya ukuta wanapolala watoto. Udongo bado upo, na jua bado lipo kidogo.

Nawatakia mvua za heri.

Ni mimi, baba wa watoto watano.