Sauti ya Mama Kabla ya Harusi



Wiki ya harusi ya mdogo wetu tulitaka atazame sidii ya harusi ya dada mkubwa, amsikie marehemu mama akimuusia binti yake. Tukaunganisha deki ya zamani na TV mpya. Picha ikatoka, sauti hakuna. Mdogo wetu akaanza kulia.

Kumwita fundi hatukuweza. Ndani ya sidii ile tumo wanawake bila ya buibui, tumepambwa, na hatukutaka mwanamme ajnabi atuone. Tukasema Bismillahi, tukakagua wenyewe.

Kwanza rimoti: sauti haikuzimwa. Pili tukatia sidii nyengine, nayo kimya. Alhamdulillah, basi ya mama si mbovu. Tatu tukatazama waya. Wa manjano hupeleka picha. Mweupe hupeleka sauti ya kushoto na mwekundu ya kulia. Mwekundu tuliuchomeka kwenye tundu jekundu la picha, lile lililo safu moja na la kijani na la buluu, na mweupe haukuingia mpaka mwisho. Tukaurekebisha kila mmoja. Mama akasema, "Mwanangu, subira."

Tulikaribia kuitupa deki nzima! Bibi harusi, hata nyumbani kwako usikimbilie kusema kimeharibika. Fuata waya mmoja mmoja.

Usiku ule ule tukainakili kwenye flashi mbili, maana sidii hukwaruzika. Allah amrehemu mama yetu. Amin.