Koko, damu yake na TFC ya mdogo wangu

Wengi wenu mnanijua kwa komunike za watu waliopotea. Kila jioni mbele ya habari ninasoma: mtoto wa miaka sita, kaptula ya buluu, mzee wa miaka sabini, anatembea na fimbo. Mwaka jana kuna moja ambayo sikuimaliza. Sauti ilinikatika, fundi akaweka muziki. Ilikuwa komunike ya koko wangu mwenyewe.

Koko alikuwa anaishi kando ya mto Mulongwe, hapa Uvira, mpaka ile mvua ya mwezi wa 4, mwaka 2020, maji yalipobeba nyumba. Alilala kwanza kwa jamaa, halafu chini ya hema pamoja na wahami wengine, mwishowe tukamleta kwetu Kavimvira. Alipoanza kusahau, tulisema ni huzuni. Mtu aliyepoteza nyumba na nguo zote anaweza kusahau chumvi katika sombe. Lakini alianza kuniita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Kisha akaanza kuondoka jioni. "Miye ninaenda kwangu," anasema, na anaenda kweli, kwa miguu, mpaka Mulongwe, anatafuta mlango ambao haupo tena.

Usiku ule wa komunike vijana walimkuta anazunguka katika uwanja wa watu. Wengine walikuwa wameisha kusema ni mchawi, na mnajua neno hilo linaishia wapi kwetu. Mama mmoja aliyekuwa amesikiliza redio alitambua kitenge nilichokitaja, akamwita koko kwa jina lake. Ndiyo maana yuko mzima.

Sasa nije kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Anasoma mambo ya laboratwari na mwaka huu anatakiwa kuandika TFC. Alikuja kwangu na karatasi moja, kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: uhusiano kati ya kuganda kwa damu na ugonjwa wa Alzheimer katika mji wa Uvira. Nilimuuliza kama anafanya hivyo juu ya koko. Hakujibu, alianza kunifundisha.

Ugonjwa huu, alisema, ulielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, kutokana na mwanamke aliyempokea Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu. Alipokufa, daktari alitazama ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge ya uchafu na nyuzi zilizosokotana. Mabonge hayo yametengenezwa na protini inayoitwa amiloidi beta. Hapo ndipo damu inaingia. Ukijikata kisu, protini nyingine inayotengenezwa na ini, fibrinojeni, inageuka nyuzi za fibrini, zinasukana kama wavu wa ndagala, zinakamata chembe za damu, kidonda kinaziba. Baadaye mwili unaukata ule wavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, katika maabara ya Sidney Strickland, walionyesha mwaka 2010 kwamba amiloidi beta inashikamana na fibrinojeni, na wavu unaotoka hapo ni mgumu kukatika. Mishipa midogo ya ubongo ikizibwa hivyo, ubongo unakosa hewa na chakula.

"Kwa hiyo damu ndiyo inaleta ugonjwa?" niliuliza, kama mwanahabari anayetafuta kichwa cha habari.

"Yaya, usiseme hivyo kwa redio," alinijibu. Mengi yalionekana kwa panya, na kwa watu bado wanabishana kipi kinatangulia. Tena kuna wazee zaidi ya 19 000 wa Australia na Marekani waliofuatwa miaka karibu tano, wengine wakimeza aspirini kidogo kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2018: aspirini haikuzuia kusahau, ila kutokwa damu kuliongezeka. Ninaliandika hapa kwa makusudi. Msiende farmasi kumnunulia mzee wenu dawa ya kufanya damu iwe nyepesi kwa sababu mlisoma habari hii. Muganga ndiye anaamua, kwa ugonjwa anaoujua.

Mwalimu wake alirudisha ile karatasi imejaa wino mwekundu. Swali la kwanza: utajua namna gani kwamba huyu ana Alzheimer, na yule amesahau kwa sababu ya kiharusi, au huzuni, au ugonjwa mwingine? Mashine ya kupiga picha ubongo hana. Fomu za kupima akili nyingi zinataka mtu ataje tarehe, asome, achore. Koko hakukanyaga shule. Ukimuuliza tarehe unapima shule, hupimi ugonjwa. Alipata fomu nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosoma, ambayo ilitumiwa Ibadan huko Nigeria. Hiyo inamuuliza pia ndugu anayeishi na mzee. Lakini hata hiyo inaonyesha tu nani ana shida ya kukumbuka. Basi neno Alzheimer likatoka katika kichwa. Nilimwona ameumia, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Swali la pili lilikuwa malaria. Fibrinojeni inapanda mwili ukiwa na homa, kidonda au ugonjwa wa kuambukiza. Inapanda na umri pia. Katika mahema yenye mbu na maji machafu utapata wazee wangapi wasio na kitu? Atapima malaria kwanza, atauliza kuhusu homa, na wazee wa vikundi viwili watakuwa wa umri unaokaribiana. Swali la tatu: damu inawekwa katika kichupa chenye sitrati, sehemu moja ya sitrati kwa tisa za damu, na yeye anataka iwe imepimwa mbele ya saa nne kupita. Mtu wa pikipiki atalipwa na nani? Umeme ukikatika? Alihesabu pesa zake mara tatu, akatoka kwa wazee mia moja mpaka arobaini.

Kilichobaki ni kidogo: kulinganisha fibrinojeni ya wazee ishirini wenye shida ya kukumbuka na ishirini wasio nayo. Haitasema nini kinaleta nini. Mimi ninaona sasa ndiyo imekuwa kazi ya kweli, lakini mimi si mwenye kutoa alama.

Mbele ya kupeleka faili kwa kamati ya maadili, alitaka kujaribu maneno ya kuomba ruhusa nyumbani, na kama inawezekana kujaribu pia safari ya kichupa. Mimi nilisaini kwa niaba ya koko. Sikusita hata kidogo; nilitaka awe namba moja. Tulimweleza kwa Kiswahili, tena kwa Kifuliiru, akaitikia kichwa. Lakini kamba ilipofungwa mkononi aliuvuta mkono, akamtazama mdogo wangu kama mgeni.

"Damu yangu mnaipeleka kununua nini?"

Nilimwambia mdogo wangu aendelee tu, mimi nitamshika, ni dakika moja, na karatasi imesainiwa. Alikataa. Alifungua kamba, akamsugua koko mkono fasi ilipokaza, akamwomba msamaha. Halafu alitoa daftari, akaandika palepale: mzee akiuvuta mkono au akisema hapana, tunaacha, hata kama jamaa wamesaini.

Sikulala vizuri usiku ule. Wazee wangapi katika mahema wameisha kuhesabiwa na kuandikwa, bila mtu kuwauliza mara ya pili?

Faili iko kwa kamati, tunangojea. Koko yuko nje ananyambua maharagwe. Hilo mikono yake haijalisahau. Jua likishuka atasema anaenda kwake, na leo ni zamu yangu kutembea naye mpaka Mulongwe na kumrudisha.