Unaangalia Tangi ama Saa?

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wasomaji wapendwa, rafiki yangu wa dhiki ni tufe la plastiki linaloelea ndani ya tangi. Msicheke kwanza!

Mtaani kwetu Bulapesa, mjini Isiolo, maji ya mfereji huja kwa zamu. Mwaka 2022, ukame ulipotukaba koo, nilipewa kazi moja tu: kufungua mfereji jioni maji yajapo, kisha kuufunga tangi likijaa. Mimi nikajifanya mjanja. Nilikuwa nimeona kwamba tangi hujaa kwa dakika 90, basi nikawa nafungua mfereji, natazama saa ya ukutani, kisha najilaza na redio yangu.

Jioni moja maji yakaja kwa nguvu isiyo ya kawaida, nami sina habari! Nilipotoka, ua mzima ulikuwa ziwa. Langoni alisimama nyanya jirani, mtungi mkononi.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "leo mimi nimenunua maji, na wewe unanywesha mchanga?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama naye akaniuliza, "Wewe, ulikuwa unaangalia tangi ama saa?"

"Saa, mama."

"Kwani ni saa inajazwa maji?"

Kesho yake fundi akafunga boya. Tufe limeshikwa na mkono wa chuma, nao mkono unasukuma kizibo cha bomba. Maji yakipanda, tufe linapanda na njia ya maji inazidi kuwa nyembamba hadi inafungika. Tukichota, tufe linashuka na maji yanaingia tena. Hakuna saa, hakuna kijana wa kulala!

Kumbe swali la mama ndilo msingi wa somo zima la mitambo inayojidhibiti. Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwamba mbinu yangu ya saa ni mfumo wazi: hutoa amri bila kutazama matokeo. Nguvu ya maji ikibadilika, umepotea. Boya ni mfumo funge. Kuna kiwango tunachotaka na kiwango kilichopo. Tofauti yake huitwa kosa, na kosa hilo ndilo linaloamua mfereji ufunguke kiasi gani. Habari inayorudi kutoka kwenye matokeo huitwa mrejesho. Kwa kuwa maji yakizidi ndani yanayoingia hupungua, huo ni mrejesho hasi. Hasi si ubaya, jamani, ndiyo iliyotuokoa!

Wazo hili si la jana. Ktesibios wa Alexandria, kule Misri, alitumia boya katika saa yake ya maji karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwaka 1788, James Watt alitumia mipira miwili inayozunguka kudhibiti injini ya mvuke: injini ikienda mbio, mipira inatanuka na kupunguza mvuke. Hata jokofu la chanjo hospitalini hupima joto lake lenyewe ili libaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Lakini boya nalo si malaika. Miezi michache baadaye mkono wake ulikwama kwa chumvi ya maji, nalo lisingejua kwamba limekwama. Bahati nzuri nilikuwa nimeanza kupanda ngazi kila jioni kuchungulia. Nilifunga mfereji kwa mkono kabla tone halijamwagika, na mtungi wa kwanza jioni hiyo nikampelekea nyanya jirani.

Nanyi wenzangu mnaojisifu ati mmesoma saa tano usiku bila kujipima hata kwa swali moja, nawauliza kama nilivyoulizwa: mnaangalia tangi ama saa?