Bao la babu na woga wa hesabu

Mjini Tabora, kituo kikubwa cha misafara ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, wazee bado hucheza bao kivulini. Mama mmoja hakupenda binti yake wa darasa la nne, anayelia kila ikifika siku ya mtihani wa hesabu, ashinde hapo na babu yake.

"Baba, mwache akashike daftari," alisema.

"Kwanza muulize kete ya mwisho itaangukia wapi," mzee akajibu.

Mtoto akatazama, akataja shimo. Ikaangukia hapo hapo.

Ubao una safu nne za mashimo manane, yote 32. Katika bao la kujifunza kila shimo huwekwa kete mbili, jumla 64. Kabla ya kugusa kete, mchezaji hupiga hesabu kichwani: nikianzia hapa, nitakula au nitalala?

Daftari lina wakati wake. Lakini mtoto anayeogopa hesabu anahitaji pia mahali pa kukosea bila kuchekwa. Kama hamna ubao, chimbeni vishimo uani, mwokote kokoto. Muulize ataishia wapi, kisha subiri ajibu mwenyewe.